Samaki wa Magadi na Fumbo la Amonia

Sato akitolewa kwenye maji ya kawaida na kutiwa katika maji ya Ziwa Magadi, hamalizi saa moja. Ni samaki yuleyule anayekaangwa Kisumu, Mwanza na Jinja, anayesifiwa na wafugaji kwa kuvumilia taabu nyingi. Jaribio hilo lilifanywa na timu ya wanasayansi kutoka Kenya na Amerika Kaskazini, na matokeo yake yakachapishwa katika jarida la Nature mwezi Januari 1989. Sato walikufa ndani ya dakika 60. Maji hayohayo ndiyo makazi ya ndugu yao mdogo, perege wa Magadi, ambaye wataalamu humwita Alcolapia grahami. Huzaliwa humo, hula humo na kulea vifaranga humo.

Tofauti kati ya samaki hawa wawili haionekani kwa macho. Ukiwaweka sahanini, mvuvi atakwambia kwamba mmoja ni mkubwa na mwingine ni mdogo, basi. Iliwabidi watafiti waingie ndani ya ini, misuli na matamvua ili waione, na safari ya kufika huko ilichukua karibu miaka 60. Ilianzia kwenye tope la Ziwa Victoria.

Kila kiumbe anayekula nyama, mwani au unga wa dagaa hubaki na taka ya naitrojeni mwilini. Protini ikivunjwa ili itoe nguvu, naitrojeni yake hugeuka amonia, na amonia ni sumu, hasa kwa ubongo. Samaki wengi hawana haja ya kuhangaika nayo. Damu inapopita kwenye matamvua, amonia huvuka utando mwembamba na kuchukuliwa na maji. Kazi hiyo karibu haina gharama, na ndiyo sababu mojawapo ya samaki kuweza kutumia sehemu kubwa ya chakula chake kuongeza mwili.

Lakini amonia ina sura mbili ikiwa majini. Moja ina chaji ya umeme na hupenya utando kwa shida. Ya pili haina chaji, nayo hupenya kwa urahisi na ndiyo yenye madhara makubwa. Uwiano wa sura hizo huamuliwa na pH, yaani kipimo cha asidi na alikali ya maji. Katika maji yenye pH 7, sura ya pili haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 10 inapita asilimia 80. Kwa kawaida, amonia ikishatoka kwenye matamvua hukutana na maji yenye asidi kidogo, ikapata chaji na kunaswa hukohuko nje. Maji yenye alikali kali hayawezi kuinasa. Basi inarundikana kwenye damu, na samaki anauawa na taka yake mwenyewe. Maji ya Magadi yana pH inayokaribia 10.

Katika miaka ya 1920 maswali ya namna hii hayakuwa yakiulizwa katika uvuvi wa Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua samaki ni wangapi na wanapungua kwa kasi gani. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza Michael Graham aliongoza uchunguzi wa kwanza mkubwa wa uvuvi wa Ziwa Victoria. Alipima nyavu na ngege, na katika ripoti ya 1929 akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Kazi yake ilikuwa ya maana na bado inatajwa. Hata hivyo, samaki aliyemo ndani ya ripoti hiyo ni wa kuhesabiwa tu. Namna mwili wake unavyofanya kazi haikuwa hoja.

Miaka hiyohiyo alifika mgeni mwingine aliyekuja na swali tofauti kabisa. Homer Smith alikuwa Mmarekani, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha New York, na shauku yake ilikuwa figo. Alitaka kuelewa jinsi wanyama walivyotoka majini wakaishi nchi kavu bila kukauka na bila kulewa taka zao. Samaki aliyemfuata ni yule ambaye Waluo humwita kamongo na Watanzania wengi humjua kama kambare mamba. Kamongo ana mapafu. Ziwa au kinamasi kikikauka huchimba tope, hujikunja, hujifunika kwa ute unaokauka na kuwa kifuko, kisha hulala humo hadi mvua irudi.

Smith alilitazama tope hilo kwa jicho la mkemia. Kamongo akiwa majini hutoa amonia kama samaki wengine. Akiwa ndani ya kifuko hana maji ya kuibeba, na bado anaishi kwa kuunguza protini za misuli yake mwenyewe. Amonia hiyo inakwenda wapi? Smith aliwapima kamongo, wengine wakiwa wamesafirishwa hadi New York, akakuta damu na nyama ya samaki aliyelala imejaa urea. Urea hiyo ndiyo inayouzwa kwa magunia kwenye maduka ya pembejeo, na ndiyo iliyomo katika mkojo wa binadamu. Huyeyuka kirahisi, haina ukali wa amonia, na inaweza kukaa mwilini kwa miezi bila kuua. Kamongo alikuwa anageuza sumu kuwa kitu cha kuhifadhika hadi siku ya maji. Smith aliyachapisha hayo mwaka 1930 katika jarida la biokemia la Marekani, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokipa jina la samaki huyo kwa Kijaluo, Kamongo.

Mwaka huohuo wa 1932, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, daktari kijana Hans Krebs na mwanafunzi wake Kurt Henseleit waligundua jinsi urea inavyotengenezwa. Walitumia vipande vyembamba vya ini la panya. Ornithini, ambayo ni aina ya asidi amino, hupokea naitrojeni na kaboni, hupita hatua kadhaa za vimeng'enya, hushusha urea mwishoni, kisha hurudi mwanzo ikiwa tayari kupokea tena, kama mchukuzi anayerudi melini kufuata gunia jingine. Mwaka uliofuata Wanazi walimfukuza Krebs kazini kwa sababu alikuwa Myahudi. Akakimbilia Uingereza, na mwaka 1953 akapewa Tuzo ya Nobeli kwa ugunduzi wa mzunguko mwingine, ule wa asidi sitriki.

Ilibaki kuthibitisha kwamba kamongo naye ana mtambo huo. Watafiti Janssens na Cohen walikamilisha kazi hiyo mwaka 1966, walipoonyesha kwamba vimeng'enya vya mzunguko wa ornithini vimo katika ini la kamongo wa Afrika. Wengi waliridhika hapo. Kamongo ni wa ukoo wa zamani sana, karibu na mizizi ya wanyama wa nchi kavu, kwa hiyo haikushangaza akiwa na kemia ya nchi kavu. Samaki wa kisasa wenye mifupa, wanaojaza masoko ya dunia, walihesabiwa kuwa watoaji wa amonia, na sura hiyo ya kitabu ikafungwa.

Aliyeifungua upya ni perege mdogo ambaye hakuna aliyemvua kwa biashara.

Ziwa Magadi liko kusini mwa Kenya, katika Kaunti ya Kajiado, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa karibu na mpaka wa Tanzania. Sehemu kubwa yake ni gamba gumu la chumvi ya soda, yale magadi wanayotumia wapishi kulainisha kunde na maharage. Kampuni ya kuchimba soda ilianzishwa mwaka 1911, na reli ikajengwa kutoka Konza kuteremka hadi ziwani. Mwaka 1912 George Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza alimpa samaki wa humo jina la kisayansi. Samaki hawa hukaa pembezoni, kwenye vidimbwi na mabwawa yanayolishwa na chemchemi za moto.

Kabla ya wanasayansi kuujua uwezo wake, watu walikwisha kuutumia. Ziwa Nakuru nalo ni la magadi, na halikuwa na samaki. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, perege wa Magadi walipelekwa huko ili wale viluwiluwi wa mbu. Walizaana kwa wingi kupita matarajio ya waliowapeleka. Wakafuatwa na wari, ndege wala samaki, kwa maelfu, ambao walikuwa wakitaga katika Ziwa Elementaita na kuruka kwenda kula Nakuru. Ziwa lililojulikana kwa heroe waliokula mwani likapata tabaka zima jipya la walaji. Hayo yalitokea wakati hakuna mtu aliyeweza kueleza ni kwa vipi samaki huyo anaishi katika maji ya aina hiyo.

Maelezo yalianza kupatikana katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Geoffrey Maloiy alikuwa mwanafiziolojia wa wanyama ambaye kazi zake nyingi zilihusu viumbe wa nchi kame. Huyu ndiye aliyeshiriki katika utafiti maarufu wa 1986 kuhusu wanawake wa Kiluo na Kikuyu wanaobeba mizigo kwa kichwa au kwa ukanda wa kichwani, ulioonyesha kwamba waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu ya ziada. Mwaka 1974 yeye na watafiti wenzake Reite na Aasehaug walichapisha katika Nature vipimo vya uvumilivu wa perege wa Magadi kwa pH, chumvi na joto. Mwaka uliofuata, pamoja na Kjell Johansen na Lykkeboe, aliandika kuhusu damu yake na upumuaji wake. Samaki alikuwa na damu yenye alikali zaidi kuliko ya samaki wa kawaida. Swali la amonia lilikuwa linanukia katika kurasa hizo, ingawa jibu halikuwamo.

Jibu lilifika mwishoni mwa miaka ya 1980, Maloiy alipofanya kazi na David Randall na Chris Wood wa Kanada, Harold Bergman wa Marekani na wenzao. Sehemu hii inafaa kusimuliwa polepole, kwa sababu inaonyesha jinsi biokemia ya samaki inavyofanywa hasa. Samaki huwekwa katika chombo kidogo chenye maji yaliyopimwa ujazo, yanayopulizwa hewa. Kila baada ya muda mtafiti hunyonya maji kidogo kwa bomba la sindano. Sampuli moja hutiwa kemikali inayogeuka buluu kadiri amonia inavyozidi. Nyingine hutiwa kemikali inayogeuka nyekundu kadiri urea inavyozidi. Kipima-mwanga husoma kina cha rangi, na kutokana na rangi hupatikana kiasi cha naitrojeni ambacho samaki ametoa kwa saa.

Katika maji ya sato wa kawaida, sehemu kubwa ni amonia, na urea ni kidogo. Katika maji ya perege wa Magadi hakukuwa na amonia ya kuhesabika. Naitrojeni yote ilikuwa urea. Watafiti walipasua ini na kupima vimeng'enya kimoja baada ya kingine. Kwa perege wa Magadi mzunguko mzima ulikuwapo na ulikuwa unafanya kazi. Kwa sato haukuwapo.

Huyu ndiye samaki wa kwanza wa mifupa wa kisasa kuthibitishwa kwamba hutoa taka yake yote kwa njia ya urea, akiwa majini muda wote, bila kulala kwenye tope wala kupanda nchi kavu. Kilichofungwa mwaka 1966 kilifunguliwa, na ufunguo ulitoka Kajiado.

Kutengeneza urea si bure. Kila molekuli hugharimu ATP nne au tano, na ATP ndiyo fedha ambayo kila seli hulipia kazi zake. Perege wa Magadi hula mwani wenye protini nyingi, hivyo ana naitrojeni nyingi ya kusafisha na gharama kubwa ya kuisafisha. Mtambo wa kazi hiyo unahitaji nafasi, na utafiti wa 1999 ulikuta kwamba ini si mahali pake pakuu. Paul Anderson, Patrick Walsh, Wood na wenzao waliripoti kwamba kazi kubwa ya mzunguko wa urea katika samaki huyu hufanyika kwenye misuli. Kwa wanyama waliojulikana hadi wakati huo, ini ndilo lililokuwa kiwanda. Mtu akifikiri kidogo, jambo lenyewe lina mantiki: misuli ndiyo sehemu kubwa kabisa ya mwili wa samaki, na uwezo mdogo katika kila gramu huwa mkubwa ukijumlishwa. Mwaka 2001 ikaonyeshwa kwamba matamvua yake yana protini maalumu ya kupitishia urea nje.

Oksijeni nayo ni taabu ya peke yake. Usiku mwani hauitengenezi, na maji ya moto hushika kidogo. John Maina, mtaalamu wa Kikenya wa viungo vya kupumulia, alieleza mwaka 1995 kwamba kibofu cha hewa cha perege huyu kina umbo linalofaa kuvuta hewa ya juu. Miaka mingi baadaye Maina, Wood na kundi lililokuwa na Wakenya kadhaa, akiwamo Geraldine Kavembe, walikwenda kwenye chemchemi za kusini-magharibi mwa ziwa, ambako mchana maji hufika nyuzi joto 43 za Selsiasi na usiku hushuka hadi 32. Matokeo ya 2016 yalionyesha kwamba perege wa hapo walivumilia hadi nyuzi 45.6, kiwango cha juu kuliko samaki yeyote aliyewahi kupimwa. Matumizi yao ya oksijeni yalilingana na ya mamalia mdogo wa uzito wao akiwa ametulia.

Mfugaji wa samaki Nyeri au Morogoro anaweza kuona kwamba haya ni mambo ya mbali. Ukweli ni kwamba kemia iliyowaua sato katika maji ya Magadi humtembelea bwawani kwake karibu kila alasiri. Bwawa likirutubishwa likawa kijani kibichi, mwani huvuta kaboni dayoksaidi kuanzia asubuhi, na pH hupanda kadiri jua linavyokaza. Asubuhi inaweza kuwa 7, na saa tisa mchana ikapita 9. Kiasi cha amonia hakijabadilika hata kidogo, lakini sehemu yenye sumu imeruka kutoka chini ya asilimia 1 hadi theluthi moja au zaidi. Samaki hukataa chakula, matamvua huharibika, ukuaji hudumaa. Mfugaji anayepima maji saa moja asubuhi pekee ataambiwa na kipimo chake kwamba mambo ni shwari.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza bwawa lipimwe alasiri pia, pH na amonia kwa pamoja, na chakula kipunguzwe maji yanapozidi ukijani. Chakula chenye protini kupita mahitaji ni hasara ya namna mbili: fedha imelipwa kununua naitrojeni ambayo samaki anaitoa tena kama sumu kwenye maji anayovuta. Hesabu hii hutoka moja kwa moja katika vitabu vya biokemia, na mwanafunzi wa uvuvi anayeviruka kwa sababu vina fomula nyingi huja kukutana nazo kwenye bwawa lenye samaki wanaoelea.

Utafiti wenyewe umeingia kwenye jeni. Mwaka 2015 Kavembe, wakati huo akifanya kazi na mwanabiolojia Axel Meyer, alichapisha uchambuzi wa jeni zinazofanya kazi katika perege wa Magadi, akiwalinganisha na ndugu zao wasioishi katika taabu kama hiyo. Mwaka 2020 kundi la Chuo Kikuu cha York nchini Uingereza, likiwa pamoja na mtafiti wa samaki Asilia Shechonge kutoka Tanzania, lilikichunguza kimeng'enya kinachoanzisha mzunguko wa urea, karbamoili fosfeti sintetasi. Samaki wana aina yao, ambayo kwa kawaida hupokea naitrojeni kutoka kwa glutamini. Wanyama wa nchi kavu, binadamu akiwamo, wana aina inayoshika amonia moja kwa moja. Katika jamii ya Alcolapia, aina ya samaki imebadilika ikaanza kushika amonia kama ya wanyama wa nchi kavu. Njia mbili zilizoachana zamani sana zimefika penye suluhisho moja. Jeni ya kimeng'enya hicho huanza kufanya kazi kwenye misuli tangu samaki angali kiinitete.

Jamii hiyo haiko Magadi pekee. Ng'ambo ya mpaka, katika Ziwa Natron la Tanzania, kuna ndugu zake watatu: Alcolapia alcalica, latilabris na ndalalani. Miaka 10,000 hivi iliyopita maziwa haya mawili yalikuwa ziwa moja lenye chumvi kidogo kuliko leo, kabla ya ukame kuligawa na soda kuongezeka. Kwa mizani ya mageuzi ya viumbe huo ni muda mfupi mno, na ndani yake samaki hawa wamebadili kimeng'enya, wameweka kiwanda chao kikuu kwenye misuli badala ya ini na wametengana kuwa spishi kadhaa. Hakuna maabara inayoweza kupanga jaribio la aina hiyo.

Perege wa Magadi ameorodheshwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, kuwa hatarini. Anaishi katika vidimbwi vichache vinavyotegemea chemchemi, pembezoni mwa ziwa ambalo soda yake imechimbwa kwa zaidi ya karne. Chemchemi ikihamishwa mkondo au maji yake yakipungua, kundi zima la samaki lenye historia yake katika jeni linaweza kutoweka. Samaki wa chemchemi za kusini-magharibi na wale wa bwawa jingine la Magadi, ambako joto hukaa kati ya nyuzi 33 na 36, tayari wanatofautiana waziwazi katika matumizi ya oksijeni. Kila kidimbwi kinahitaji kupimwa na kulindwa kivyake. Kazi hiyo inawezekana kufanywa na vijana wa Nairobi, Kitui, Arusha na Dar es Salaam, kwa vipima-mwanga na kemikali ambazo maabara za vyuo vyao zinaweza kuwa nazo, na kwa gari la kuwafikisha Magadi na Natron katika msimu wa mvua na wa kiangazi.